Mpira Uliobadilishwa Asubuhi

Ukungu ulikuwa umeumeza uwanja mzima wa kriketi wa Jhansi, kaskazini mwa India, hata vijiti vya katikati havikuonekana kutoka barazani, na kwa mara ya kwanza msimu ule Malti Khare aliushukuru. Mradi ukungu uko chini, mechi haianzi. Na mradi mechi haijaanza, kamisaa hatasoma uamuzi wake.

"Ukipanda tu, nasoma," alisema Kamisaa Venugopal, mzee wa Kusini aliyejizungushia skafu mbili na bado meno yanamgongana. "Sikukatazi kuchunguza, Bi Khare. Lakini siwezi kusimamisha mechi ya Kombe la Ranji kwa sababu wewe una wasiwasi."

"Sina wasiwasi, Mzee. Nina swali."

"Swali gani?"

"Hilo ndilo ninalolitafuta."

Kamisaa alimtazama kama mtu anayejiuliza ni nani aliyempa mama huyu kazi. Aliyempa ni chama cha kriketi cha Bundelkhand, alipostaafu polisi ya reli. Huko alikamata wezi wa mabegi hadi wakamwogopa kuliko tiketi za faini. Huku, kama afisa wa maadili, kazi yake kubwa ilikuwa kuwanyang'anya wachezaji simu kabla ya mchezo. Kazi ya kulalia usingizi, hadi jana.

Mezani, ndani ya mfuko wa nailoni, ulikaa mpira mwekundu. Jana wakati wa mapumziko ya chai waamuzi wa uwanjani waliukabidhi kwa mwamuzi wa akiba, Shivdayal Purohit, kama ilivyo desturi. Alipoushika tu akahisi upande mmoja unateleza. Mafuta! Mpira uliong'arishwa upande mmoja hupinda hewani kama una akili zake, na ndiyo maana kuupaka chochote ni kosa kubwa. Mpira huu ulikuwa umepinda kweli mchana kutwa. Pushpendra Lodhi, mrushaji wa wenyeji, Bundelkhand, alikuwa amewatoa nao wapigaji wanne wa Rohilkhand mfululizo. Rohilkhand wakapewa mbio tano za fidia, yaani alama tano za bure, mwanga ukafifia mapema, watu wakarudi hotelini, na Pushpendra akaambiwa asiguse tena mpira hadi shauri lake liamuliwe.

Adhabu yake ilijulikana: kufungiwa msimu wote uliobaki. Na msimu wenyewe ndio ulikuwa unaanza kunoga. Bundelkhand walikuwa timu ya kuchekwa. Mashindano ya ova ishirini, yale ya mechi fupi, walirudi kichwa chini, mechi ya kwanza ya Ranji wakapigwa hadi watoto wa Jhansi wakatunga wimbo. Kisha Pushpendra akaamka. Akirusha yeye, timu inashinda. Asiporusha, inaomba mvua. Leo, siku ya mwisho, Rohilkhand walihitaji mbio sitini na kitu na walibakiwa na wapigaji wanne. Bundelkhand wakishinda, wanaingia robo fainali kwa mara ya kwanza katika maisha ya timu hiyo. Wakitoka sare, wanaoingia ni Rohilkhand.

Malti alimkuta kijana chumba cha kuvalia, amekaa peke yake kwenye benchi na sweta ya timu imekunjwa magotini kana kwamba ameshaikabidhi. Nahodha wake, Devvrat Budhauliya, alisimama mlangoni amefura.

"Dada, huyu hajafanya kitu," alisema nahodha.

"Nimemuuliza yeye?"

"Bado."

"Basi tuanze na wewe kunyamaza." Malti akakaa mbele ya Pushpendra. "Mwanangu, nichekeshe. Kwenye mpira ule ulipaka nini?"

"Jasho."

"Januari hii? Mimi tangu sikukuu ya Diwali sijatoka jasho."

"Nikirusha natoka, Dada. Ndiyo kazi yenyewe." Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti haikutikisika. "Nilisugua kwenye suruali kama siku zote. Upande ule niliuona unang'aa kupita kawaida, nikafikiri bahati yangu imeamka."

"Hukumwambia mwamuzi?"

"Nimwambie nini? Kwamba mpira unang'aa?"

Malti aliinamia kichwa cha kijana. Nywele zilimetameta, na harufu yake ilimpiga puani kabla hajasogea vizuri.

"Haradali," alisema.

"Mama hunipaka kabla sijasafiri. Mengine hunitilia kwenye chupa."

"Anakupaka na umri huu?" nahodha alishindwa kujizuia.

"Wewe wako hakupaki kwa sababu huna nywele," Pushpendra alijibu, na kwa dakika moja chumba kilionekana chumba cha timu tena.

Furaha hiyo haikudumu. Mlango ulisukumwa na Shariq Beg, kocha wa Rohilkhand, mtu mpana mwenye sauti ya kuuzia mboga, akiwa ameshika simu mbele yake kama bastola.

"Tazama mwenyewe, Afisa! Tazama!"

Kwenye video Pushpendra alipitisha mkono kichwani, akaushusha, akausugua mpira. Akarudia. Mara ya tatu akakuna sikio.

"Mafuta ya nywele," alisema Beg. "Kichwani, mkononi, kwenye mpira. Hata kipofu ataona. Sisi tumekuja kucheza kriketi, hatukuja saluni!"

"Bwana Beg, umekunywa chai?"

"Chai ya nini?"

"Njoo tunywe. Na video yako uje nayo."

Alimwacha Pushpendra pale, akarudi na kocha na nahodha kwa kamisaa, akaagiza chai ya tangawizi katika glasi na jalebi tamu za moto, kwa sababu hata upelelezi ukishindikana watu watakuwa wamekula. Kisha akamwomba Venugopal aufungue mfuko.

"Wewe shika, Mzee. Mimi sitaki kusemwa. Upande ule ule."

Kamisaa alipitisha kidole gumba juu ya ngozi. Akakunja uso, akarudia.

"Hautelezi," alisema.

"Uko kama nini?"

"Kama mshumaa. Kitu kigumu."

"Jana mchana kiliteleza, leo asubuhi kimeganda." Malti alichukua chupa ndogo aliyoitoa kwenye begi la Pushpendra, akaipindua mbele ya Beg. Mafuta ya manjano yalikimbilia kizibo bila kusitasita. "Hii imelala kwenye begi lile lile, baridi ile ile. Haradali haigandi, Bwana Beg. Ungekuwa unaingia jikoni kwako ungejua."

"Mke wangu hataki niingie."

"Namwelewa."

Kamisaa alikohoa kuficha tabasamu. Malti aliegemeza mpira kwenye glasi ya chai, akasubiri, akaunusa. Harufu ya jikoni, ya chapati ya moto inapotolewa kwenye kikaango. Akampa Beg naye anuse.

"Samli," alisema Beg, akisahau kukasirika. Kisha akakumbuka. "Basi alikuwa na samli mfukoni!"

"Suruali yake ya jana iko wapi?"

Ilikuwa kwenye kabati la kamisaa, imefungwa na kuwekwa sahihi. Malti aliikunjua mezani. Kwenye paja la kulia kulikuwa na waa jekundu lenye mng'ao wa mafuta, upana wa kiganja. Aliipindua mifuko yote miwili nje. Pamba kavu, nyeupe, na ganda la karanga.

"Mtu anayechota samli mfukoni, mfuko wake unakuwaje mkavu?" aliuliza. "Mafuta hayakutoka kwenye suruali kwenda kwenye mpira. Yalitoka kwenye mpira kuja kwenye suruali. Mzee, swali langu nimelipata."

"Lipi?"

"Mpira huu ulikuwa wapi kabla ya jana?"

Kamisaa, kocha na nahodha walitazamana. Ni jambo ambalo kila mmoja alilijua na hakuna aliyelifikiria. Jana asubuhi, kwenye baridi kali, mpigaji wa Rohilkhand alikuwa ameupiga mpira wa awali hadi kwenye ngazi za zege, ukarudi umebonyea kama embe lililoanguka. Waamuzi wakaagiza sanduku la mipira iliyotumika, wakachagua mmoja uliochakaa kiasi hicho hicho, mchezo ukaendelea; kwa baridi ile samli ilikuwa ngumu, hakuna aliyeihisi. Mpira wa Pushpendra haukuwa mpira wa Pushpendra hata kidogo.

"Sanduku analitunza nani?"

"Purohit," alisema kamisaa. "Mwamuzi wa akiba. Yeye ndiye aliyeripoti mafuta."

Shivdayal Purohit aliingia wima, koti limepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Kote Bundelkhand walimjua kwa jambo moja: hakosei. Aliwahi kumtoa mpwa wake mwenyewe katika fainali ya wilaya, kisha akala chakula cha harusi ya mpwa huyo huyo bila mtu kumsemesha.

"Sanduku langu, Bi Khare? Unanituhumu mimi?"

"Nataka kuliona tu, Bwana Purohit."

"Huwa nalitunza nyumbani, kwa sababu stoo ya uwanja ina panya. Ufunguo ninao mwenyewe. Mipira niliipanga mwenyewe kabla msimu haujaanza, na tangu wakati huo hapa hatujawahi kubadilisha mpira hadi jana." Akaweka sanduku mezani, akafungua kufuli. "Tafadhali. Chunguza."

Ndani, kila mpira ulikuwa kwenye kishimo chake. Malti alichukua wa kwanza, akaulaza kwenye glasi ya moto, akauzungusha, akampa kamisaa. Kamisaa alipaka kidole chake kwenye karatasi; alama ya mafuta ikabaki. Wa pili vilevile. Wa tatu vilevile. Kila mmoja upande mmoja tu, na hakuna hata mmoja ambao Pushpendra aliwahi kuugusa.

Purohit alikuwa amepoteza rangi. Beg alisimama hadi kiti kikaanguka.

"Kumbe si kijana! Ni timu nzima! Wenyeji wamepaka sanduku zima, Kamisaa, sanduku zima! Nataka alama zao zote zifutwe!"

"Kaa, Bwana Beg," alisema Venugopal, lakini naye alikuwa amekwishachukua kalamu. "Bi Khare, umemtoa kijana kwenye shimo ukawatumbukiza wenzake wote. Sanduku la wenyeji, mwamuzi mwenyeji. Unajua ninalazimika kuandika nini?"

Malti alijua. Nje sauti ziliongezeka. Mtu alikuwa anapaza sauti kwamba ameona nguzo za upande wa reli. Ukungu ulikuwa unachoka. Aliuchukua mpira wa mwisho kwenye sanduku, akaupeleka dirishani, akaufuata mshono kwa ukucha, uzi kwa uzi, kama alivyozoea kufuata mishono ya mabegi yaliyochanwa na wezi.

Ukucha ulikwama. Alichokonoa. Kitu kidogo, chekundu, kirefu kikadondoka kwenye kiganja chake.

"Mchele," alisema.

Hakuna aliyecheka. Kila mtu mle chumbani alijua punje ya mchele iliyotiwa wekundu na samli inatoka wapi, hata Beg, Mwislamu aliyekulia nyumba tatu kutoka hekaluni na utotoni alikuwa akipewa peremende nyingi za sikukuu kuliko wenye sikukuu. Siku ya Dasara watu huviombea vifaa vya kazi zao. Dereva hulipaka basi lake alama nyekundu, fundi nguo cherehani yake, polisi bunduki yake. Malti mwenyewe kwa miaka yote aliipaka pingu yake.

"Kwetu tunatumia unga wa msandali," alisema Venugopal polepole. "Samli hatuweki."

"Huku tunaweka. Mtu anayetaka kuharibu mpira hauwekei mchele, Mzee." Malti akamgeukia mwamuzi. "Bwana Purohit, Dasara ulikuwa wapi?"

"Nagpur. Mechi za vijana."

"Na sanduku?"

Purohit alilitazama sanduku lake kama mtu anayetazama mlango wa nyumba yake ukiwa wazi.

"Nyumbani," alisema.

"Kuna nani nyumbani?"

"Wazazi wangu. Bi Khare, nikipiga simu nyumbani, na ikawa ndivyo, jina langu halisomwi tena miongoni mwa waamuzi. Miaka ishirini na mbili."

"Najua."

"Ningeweza kusema tu kwamba sijui."

"Ungeweza. Na mimi nisingekuwa na la kufanya."

Purohit alitoa simu. Alibonyeza, akaiweka mezani, na bila kuombwa akaiwekea sauti kubwa.

"Shivu? Umekula?"

"Mama, niko kazini. Watu wanasikia."

"Wasikie. Umevaa ile sweta ya ndani?"

"Mama. Siku ya Dasara, nilipokuwa Nagpur, kuna mtu alifungua sanduku langu?"

"Nani mwingine afungue? Baba yako amestaafu reli na mpaka leo anaiombea filimbi yake. Wewe ukaondoka bila hata kuvifukizia ubani vifaa vyako! Nilitafuta ufunguo wa akiba kwenye koti lako la zamani, nikaupaka kila mpira alama yake, mmoja mmoja. Unga mwekundu, mchele, na samli ya ng'ombe wetu, si ile ya dukani. Nikafuta, nikafunga."

"Kwa nini, Mama?"

"Swali gani hilo? Ili mkono wako usikosee. Na haujakosea, au umekosea?"

Purohit alifumba macho.

"Umekosea, Mama. Mara moja. Kuna kijana nimemripoti, kumbe mafuta ni ya kwetu."

Upande wa pili sauti ikashuka.

"Mtoto wa nani?"

"Wa akina Lodhi, wa kule Mahoba."

"Mama yake anajua?"

"Nadhani imeshaandikwa magazetini."

"Sasa unaongea na mimi ya nini? Nenda kamwambie mtoto wa watu! Na uvae sweta."

Simu ikakatika. Kamisaa Venugopal aliivuta karatasi yake, akaikunja mara mbili, akaichana. Aliandika nyingine taratibu, akiisoma kwa sauti kadiri anavyoandika: shitaka limefutwa, mbio tano za fidia zimefutwa, Pushpendra Lodhi anarusha leo, mipira yote ya sanduku hili hairuhusiwi. Hapo kalamu ikasimama.

"Hatuna mpira," alisema.

Sheria ilitaka mpira uliochakaa kama ule ulioondolewa, na sanduku lilikuwa hilo hilo moja.

"Tunayo ya mazoezi," alisema nahodha Budhauliya, aliyekuwa amebanwa mlangoni muda wote huo na sasa akashindwa kuvumilia.

"Ya wenyeji? Hapana!" Beg aliruka. "Nimeshakula samli ya kutosha asubuhi hii."

"Basi mechi haichezwi," alisema kamisaa. "Inakuwa sare."

Sare. Kila mmoja alipiga hesabu kimoyomoyo. Rohilkhand wangeingia robo fainali bila kurusha wala kupiga, na Bundelkhand wangerudi kutungiwa nyimbo. Beg hakuhitaji kufanya chochote. Alihitaji tu kukaa alipokuwa na kumaliza jalebi yake.

Malti alimtazama tu, kwa jicho lile lililowahi kumfanya mwizi wa stesheni arudishe begi kabla hajaulizwa.

"Usinitazame hivyo," alisema Beg.

"Sijasema kitu."

"Mimi ni kocha. Kazi yangu ni kuivusha timu yangu."

"Ni kweli."

Beg alipangusa vidole kwa leso, kidole kimoja kimoja. Akalaani kitu kwa lugha ya nyumbani kwao, akatoka. Aliporudi alikuwa na begi la mazoezi la Rohilkhand begani. Aliliangusha mezani mbele ya kamisaa, akapekua, akatoa mpira mmoja uliochakaa vizuri, akauweka kati yao; kamisaa akaukagua pande zote, akaitikia.

"Nataka kumshinda yule kijana," alisema. "Sitaki kuambiwa maisha yangu yote kwamba nilishinda kwa sababu ya samli."

Ukungu ulipanda wote kwa pamoja, na jua dhaifu likaangukia nyasi. Malti alisimama barazani akamwona Purohit akivuka hadi walipokuwa wachezaji wa Bundelkhand. Alisimama mbele ya Pushpendra, akasema maneno yake kwa sauti, mbele ya wote, kama mtu anayetangaza uamuzi: "Nilikosea. Mafuta yalitoka nyumbani kwangu." Kijana akainama kumgusa miguu kwa heshima, Purohit akamdaka mabega kabla hajafika chini, akamvika sweta kwa mikono yake mwenyewe, kwa haraka na vibaya, shingo ikakaa upande.

Rohilkhand hawakuja kulala. Mbio zilipungua, hamsini, arobaini, na Beg, aliyekuja kusimama kando ya Malti kwa sababu kule kwa wenzake hawakumsemesha, alianza kupiga makofi kidogokidogo. Budhauliya akamwita Pushpendra arushe kutoka upande wa reli.

Mpira wa kwanza ulipita nje. Wa pili mpigaji aliuzuia. Wa tatu ulitoka mkononi ukielekea nje kabisa, mpigaji akauinulia gongo na kuuacha, nao ukakata kona ukaingia ndani na kuking'oa kijiti cha katikati kikaenda kulala majanini.

Mpigaji ametoka, uwanja ukalipuka. Beg alivua kofia, akaitazama kama ndiyo iliyomsaliti.

"Mpira ule nimeutoa begini kwangu," alisema. "Kwa mkono wangu huu."

"Unataka niuchunguze?" aliuliza Malti.

"Nyamaza, Dada. Anakuja tena."